Ni Lile Lile au ni Jingine?

Daktari aliyenipa kazi yangu ya kwanza alikuwa bingwa wa masikio, na chumba chake alikifungua mahali penye kelele kuliko pote Nairobi. Kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, upande wa Shauri Moyo. Chini ya dirisha letu mafundi wa bati waligonga masanduku, makarai na majiko tangu jua kuchomoza mpaka linapozama. Mabingwa wenzake walikuwa mjini kwenye majengo yenye lifti na mazulia. Yeye aliwaacha huko akaja kwetu Eastlands, na watu walitafuta sababu mpaka wakachoka. Wengine walisema amekosana na wakubwa, wengine kwamba ana mke wa pili Pumwani. Mimi nilipomuuliza alifungua dirisha, nyundo zote zikaingia chumbani kwa pamoja, akapaza sauti: "Binti! Muuza miavuli hafungui duka jangwani!"

Mtaani aliitwa Mzee wa Masikio. Mimi nilimwita Daktari, naye akaniita Binti, hata baada ya kuolewa na kuzaa. Alikuwa mtu wa Pwani, mwembamba, mwenye kofia nyeupe iliyofumwa, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono ilisimama yenyewe. Nilikuwa karani wake wa mapokezi. Nilikaa nyuma ya kidirisha, na kila aliyemtaka Daktari ilibidi anipitie mimi kwanza. Kunipitia mimi kulikuwa na maana ya kuzipitia kanuni zake.

Kanuni hizo zilikuwa chache na hazikupinda. Hakuna aliyeingia bila barua ya zahanati au ya daktari wa kawaida aliyemwona kwanza. "Mimi si sebule," alisema. "Mimi ni chumba cha ndani. Mgeni hapiti moja kwa moja mpaka chumba cha ndani, labda awe mwizi." Barua hiyo ilifungua ugonjwa mmoja tu. Siku ya kwanza ulilipa ada kamili, na kila uliporudi kwa ugonjwa ule ule ulilipa ada ndogo ya marudio. Ukipona, Daktari alimwandikia aliyekutuma kwamba amemaliza na wewe, mkaagana. Ukizuka na ugonjwa mwingine, ulirudi sebuleni, ukatafuta barua nyingine, ukaanza upya na ada kamili. Na barua iliyolala mwaka mzima ilihesabika imekufa, hata kama sikio lenyewe lilikuwa bado linauma.

Kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa swali moja, na Daktari alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa akalibandika ukutani juu ya kidirisha changu: NI LILE LILE AU NI JINGINE?

Watu wa Eastlands hawakuhitaji kufundishwa jibu. Kabla sijafungua kinywa walishasema, "Ni lile lile." Mtu alikuja mwezi uliopita kwa sikio la kushoto, leo ameshika la kulia, na bado ni lile lile, eti limehama. Mama mmoja alikuja anachechemea. Nikamuuliza, mama, goti limeingiaje? Akaniambia bila kupepesa macho, "Ni lile sikio, mwanangu. Limeshuka."

Wapo waliotaka kupatana bei. Mwanamke muuza mitumba wa Gikomba aliuliza ada ya sikio moja ni kiasi gani. Nilimjibu kwamba ada ni ile ile, liwe moja au yote mawili. Akafikiri kidogo. "Basi ngoja," akasema, "nikamwite jirani yangu, tuje na moja moja."

Wapo pia mapacha wa Kaloleni, vijana wawili waliofanana mpaka mama yao aliwatofautisha kwa mashati. Mmoja aliletwa kwa barua, akalipa, akatibiwa. Wiki iliyofuata akaja kwa marudio, mimi nikapokea ada ndogo nikamruhusu aingie. Daktari alimkalisha, akawasha taa yake ya kipaji cha uso, akachungulia sikioni. Halafu akaita, "Binti, njoo hapa. Sikio hili halijawahi kuniona."

"Ni lile lile, Daktari," kijana akasema.

"Uso ni ule ule. Sikio sijapata kulikagua. Mwenzako yuko wapi?"

Mwenzake alikuwa chini kwa mafundi wa bati, anangoja zamu yake. Daktari aliwaita wote wawili akawaweka bega kwa bega, akawachungulia mmoja baada ya mwingine kwa furaha ya mtoto aliyepewa vitu viwili vya kuchezea. Baada ya hapo akamrudisha yule wa pili zahanati kuchukua barua yake. Lakini kabla hajamrudisha alikuwa ameshamsafisha sikio lote. Ndivyo alivyokuwa. Alishika kanuni kwa mkono wa kulia na kuivunja kwa wa kushoto, na hakutaka mtu aseme kwamba mikono yote miwili ni yake.

Kesi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja wa nyumba za reli za Muthurwa. Barua ilisema sikio lake linamkosesha usingizi. Daktari alipima akaona sikio zima kabisa. Mama akarudi. Sikio zima. Akarudi tena, safari hii na mumewe, dereva wa garimoshi mwenye kifua kama pipa.

"Linaanza kuuma saa ngapi?" Daktari akauliza.

"Huyu akilala," mama akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Akilala?"

"Anakoroma, Daktari. Anakoroma kama ile injini yake. Sikio langu litaachaje kuuma?"

Daktari akaegemea kiti. Hapo palikuwa na jambo zito la kanuni: mgonjwa ni mke, ugonjwa ni wa mume, na barua ni ya sikio ilhali kosa ni la pua. Akatoa hukumu kwamba sikio limepona rasmi leo, na pua ya bwana iende ikatafute barua yake.

"Mimi siumwi chochote," dereva akasema. "Nalala vizuri sana."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe," mkewe akajibu.

Dereva alikataa katakata kulipa ada kamili kwa kulala vizuri, na walitoka wakibishana mpaka chini barabarani. Mafundi waliacha kugonga ili wawasikilize.

Na Kiswahili chake! Alikisema kama mtu anayemimina kahawa bila kumwaga tone, na vijana wetu wa Sheng, ile lugha ya mitaani, walimtesa sana. Siku moja alikuja kijana wa Ziwani, suruali pana chini, nywele zimechanwa juu. Akainama kwenye kidirisha. "Sasa, siste. Nimekuja ju ya ile sikio."

Kutoka ndani sauti ikasema, "Lile!"

"Ile, lile, si ni moja tu, mzee?"

"Si moja hata kidogo. Sikio ni lile. Ukisema ile, nitadhani umeniletea pua."

Kijana akakuna kichwa. "Hata pua iko na noma, mzee. Lakini sina doo ya kuanza upya."

Nilijua Daktari anajizuia kucheka, maana kiti chake kilikuwa kinalia. "Ingia," akasema mwishowe. "Pua hiyo nitaitazama. Umeitaja kwa sarufi sahihi."

Alikuwa na vyombo vya kisasa vya kupimia masikio, lakini hakuviamini kabla hajapima kwa kinywa chake mwenyewe. Alimkalisha mgonjwa akitazama ukuta, akaziba sikio moja kwa kidole, akasimama nyuma yake na kunong'ona majina ya mitaa. Mgonjwa alitakiwa kurudia alichosikia. "Makadara," Daktari ananong'ona. "Makadara," mgonjwa anajibu. "Bahati." "Bahati." "Jericho." "Sijambo." Hapo Daktari aliandika kitu. Mzee mmoja aliyenong'onezewa Kaloleni aligeuka kwa hasira. "Nimeoa lini? Hayo yanakuhusu nini?"

Kipimo hicho kilikuwa na udhaifu mmoja. Daktari, aliyewakataza watu kukaa karibu na spika za harusi, alikuwa mwendawazimu wa mpira. Kila Jumapili alikwenda uwanjani na kofia yake nyeupe, akapiga kelele mpaka koo likakauka. Jumatatu asubuhi hakuwa na sauti ya kunong'ona wala ya kuita. Wagonjwa wa Jumatatu wote walionekana viziwi. Ilibidi mimi nisimame nyuma yao ninong'one Makadara na Bahati kwa niaba yake, huku yeye akitikisa kichwa kuonyesha kwamba sinong'oni vizuri.

Aliwakemea watu kwa kuingiza vitu masikioni. "Sikio halichokonolewi hata kwa kiwiko," aliwaambia kina mama, wakabaki wakijaribu kufikisha kiwiko sikioni. Lakini nilimfuma mara nyingi amejikunyata nyuma ya kabati, jicho moja limefumba kwa raha, kijiti cha kiberiti ki ndani ya sikio lake. Akiniona alikitoa taratibu na kukitazama kana kwamba ndicho mgonjwa. "Nilikuwa nachunguza," alisema.

Katika miaka hiyo yote alikuwa na adui mmoja tu, na hawakuwahi kuonana. Alikuwa Sista, muuguzi wa zahanati ya mtaa, ile iliyotuletea wagonjwa wetu wengi. Kila mara Daktari alipomrudisha mtu kwake kwa barua mpya, Sista alilazimika kumpanga tena kwenye foleni, kumpima tena na kuandika tena. Majibu yake yaliletwa na wagonjwa kwa mdomo. "Sista amesema, mwambie huyo bwana wako kwamba zahanati si kiwanda cha barua." Daktari naye alijibu kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie Sista kwamba hodi ni desturi, si karaha." Wagonjwa walipanda na kushuka barabara wakiwa wamebeba ugomvi usiokuwa wao, na sidhani kama uliwachukiza. Wengi waliongeza chumvi njiani.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, kwa vicheko, mpaka Fundi Oduor alipoacha kutuchekesha.

Fundi Oduor alikuwa miongoni mwa wale wagonga bati wa chini ya dirisha letu. Masanduku yake, ya rangi ya samawati yenye maua pembeni, yalikwenda shuleni na nusu ya watoto wa Eastlands. Alikuja kwetu na barua ya Sista: mlio sikioni, upande wa kulia, mchana na usiku. Daktari alimpima, akaona usikivu wa upande huo umepungua, akailaumu nyundo, kama alivyoilaumu kwa mafundi wote. Alimpa pamba ya kuziba masikio na kumwambia arudi. Oduor alirudi mara nyingi. Kila mara nilimuuliza, ni lile lile au ni jingine? Kila mara alicheka, "Ni lile lile, dada. Mlio ni ule ule, hata wimbo haujabadilika."

Siku moja akaja na mkewe, Mama Achieng, mwanamke mpole aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga Makongeni. Nilishangaa kumwona, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha biashara. Niliona pia kwamba Oduor alipanda ngazi kwa kushika ukuta.

"Ni lile lile," akasema kabla sijauliza.

Mkewe akamtazama, akanitazama mimi. Waliingia ndani wote wawili. Mlango haukufungwa vizuri, nami nikasikia kila kitu.

"Mlio vipi?" Daktari akauliza.

"Ni ule ule."

"Mwambie habari ya kikombe," Mama Achieng akasema.

"Hiyo si ya hapa."

"Baba Achieng, mwambie."

"Nimesema hiyo si sikio! Hiyo ni jingine. Tutarudishwa tukaanze upya."

Chini nyundo ziliendelea. Kisha sauti ya Daktari ikatoka chini kabisa, bila mbwembwe. "Mama, niambie wewe. Kikombe gani?"

Mama Achieng akaeleza. Chai ilikuwa inamtoka mumewe upande mmoja wa mdomo asijue. Shavu la kulia lilikuwa limekufa ganzi tangu kabla ya mvua, na alikuwa amejikata akinyoa asihisi. Na alikuwa akitembea kama mlevi, mpaka majirani wakamsema vibaya, wakati hajawahi kuonja pombe maishani mwake.

Nilimsikia Daktari akisukuma kiti. Alimwambia Oduor akunje uso, afumbe macho, atembee kwa mstari. Alimgusa shavu kwa kipande cha pamba. "Hapa unahisi? Na hapa?" Oduor alijibu hapana, hapana.

"Kwa nini ulinificha, Fundi?"

"Sikukuficha, Daktari. Mimi niliogopa barua."

"Nani aliyekufundisha kuogopa barua?"

Oduor alifungua mlango, nikamwona amenyoosha kidole kuelekea ukutani kwangu, kwenye lile tangazo la herufi kubwa. Daktari alikifuata kidole kwa macho. Alilisoma tangazo lake mwenyewe kana kwamba limeandikwa na mtu asiyemfahamu.

"Lahaula," akasema. Kisha akamshika Oduor bega. "Fundi, sikiliza. Hilo shavu, na hicho kikombe, na huko kuyumba, si jingine. Ni lile lile. Nadhani kuna uvimbe kwenye mshipa wa kusikia, ndani, karibu na ubongo, nao umekua ukagusa mishipa jirani. Ulisema kweli siku zote na hukujua. Mimi ndiye niliyekuwa nakuuliza vibaya, na kuilaumu nyundo."

Aliandika barua papo hapo ya kumpeleka kwa bingwa wa upasuaji wa kichwa katika hospitali moja kubwa ng'ambo ya pili ya mji. Sijapata kumwona akiandika kwa haraka namna ile.

Kesho yake asubuhi Oduor na mkewe walikuwa tena kwenye kidirisha changu, barua mkononi. Karani wa kule aliikataa. Kwao mgonjwa alipokewa akiwa na barua ya zahanati tu. Bingwa wa binafsi hakuruhusiwa kumpeleka mtu kwa bingwa mwingine. Mgonjwa arudi alikoanzia, apimwe, aandikiwe upya.

Nilimpelekea Daktari habari hiyo nikiogopa atakavyolipuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Mdomo wake ukacheza kidogo, sikujua anataka kucheka au kulia.

"Ni kanuni nzuri sana," akasema. "Ningeweza kuitunga mimi." Akachukua koti lake. "Funga dirisha, Binti. Twende sebuleni."

Tulikwenda kwa miguu, sisi wanne. Mama Achieng alimshika mumewe upande mmoja, Daktari upande wa pili. Zahanati ilikuwa imejaa kina mama na watoto wa chanjo, mabenchi yote yamekaliwa, na vilio vilikuwa vya kila sauti. Daktari alisimama mlangoni na kofia yake nyeupe akauliza kama raia yeyote, "Samahani, wa mwisho ni nani?" Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainua mkono. Daktari akaenda kusimama nyuma yake.

Habari ilifika ndani kabla yetu. Sista alitoka, mwanamke mfupi mpana, kofia yake ya uuguzi imesimama wima kichwani kama taji. Akamtazama Daktari kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Ni wewe yule wa lile lile au jingine?"

"Ndiye mimi, Sista."

"Nilidhani u mrefu."

Benchi zima likacheka. Daktari akainamisha kichwa, akakubali kwamba si mrefu.

"Na huyu," Sista akaendelea, akimwonyesha Oduor, "ni mgonjwa mpya au wa marudio?"

"Ni wa zamani, Sista. Wewe ndiye uliyemleta. Mwenye shida mpya ni mimi. Nimemchelewesha. Naomba unisaidie."

Sijui Sista alikuwa amejiandalia maneno gani kwa miaka yote ile. Lazima yalikuwa mengi na matamu. Niliona jinsi yalivyomfika kinywani akayarudisha. Alimwinamia Oduor, akagusa shavu lake, akamwambia atabasamu, akaona upande mmoja unakataa. Akamgeukia yule mama aliyekuwa mbele yetu. "Mama, utaniruhusu nianze na hawa?" Mama akasema, "Anza nao, Sista. Huyu wangu ni sindano tu, na yeye hana haraka nayo."

Sista aliandika barua akiwa amesimama, juu ya mgongo wa kiti. Alipomaliza akaikunja, lakini hakumpa Oduor. Alimpa Daktari. "Barua peke yake haifiki," akamwambia. "Barua hufika ikiwa imeshikwa na mtu. Msimamizi wa wodi ile nilisoma naye. Mwambie nimekutuma."

"Mimi nimetumwa na wewe?" Daktari akauliza.

"Ndiyo. Au unataka kwanza upate barua ya kukutambulisha?"

Alikwenda. Alikaa kule na Fundi Oduor mpaka akapewa kitanda, na akarudi kila siku, mgonjwa akiwa si wake tena kwa kanuni yoyote iliyoandikwa. Uvimbe ulikuwa pale pale aliposema. Siku ya upasuaji hatukufungua. Daktari alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, si chake, akitazama ukuta, na mafundi wa chini hawakugonga. Hakuna aliyewaambia. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jinsi chumba kile kilivyo kimya, na sikupenda.

Alasiri Sista alipanda ngazi zetu kwa mara ya kwanza, anahema. Alikuwa amepigiwa simu na rafiki yake wa wodini. "Ameamka," akasema. "Ameomba samaki." Daktari alifunika uso kwa kofia yake akakaa hivyo kwa muda. Dirishani Sista aliinama akawapigia mafundi ukelele, na nyundo zikaanza zote pamoja, bila mpangilio, kama mvua ya mawe juu ya paa.

Oduor aliishi. Sikio la kulia halikurudi, na tabasamu lake lilibaki limeinama upande mmoja, jambo ambalo wateja walidhani ni ujanja wa biashara. Alirudi kwenye masanduku yake. Mtu akimpa pole kwa sikio alisema, "Hapana, lina faida. Mama Achieng akianza kunisema, namgeuzia hilo."

Daktari alibandua tangazo kwa mikono yake. Alijaribu kutunga kanuni nyingine, kwa sababu hakuweza kuishi bila kanuni. Aliamua kwamba chochote kilicho juu ya kola ya shati ni ugonjwa mmoja, kwa ada ya marudio, na mtu aseme kila kinachomsumbua bila woga. Wiki ile ile walianza kuja watu wamefungua vifungo mpaka kitovuni. "Kola yangu inafika hapa, Daktari," mmoja alimwambia, akishika tumbo. Daktari alimtazama sana. Kisha akamwambia alale kwenye kitanda, akambonyeza tumbo, akamwandikia barua nzuri ya kwenda kwa Sista.

Alistaafu nilipokuwa na mtoto wa tatu. Chumba chetu kikawa cha fundi cherehani, na mimi nikapata kazi kwenye ofisi ya shule. Kwa muda mrefu sikumwona. Nilisikia kwamba amehamia Fedha, mtaa ule mpya wa Embakasi, na kwamba mkewe amefariki. Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kwenda.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kati ya mistari ya sukuma wiki iliyorefuka kama walinzi na kuwa na majani machache tu juu. Ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanja wa ndege, chini sana, Daktari akasubiri ipite ndipo akanikaribisha. Alikuwa amekonda. Majirani hawakujua kwamba aliwahi kuwa daktari. Walimwita Mzee wa Sukuma, na msichana wa nyumba ya pili alikuwa akimfundisha jinsi ya kuchuma majani ya chini kwanza. "Ananigombeza," aliniambia kwa fahari.

Alinipikia chai yeye mwenyewe, na haikuwa nzuri. Aliuliza habari za watoto wangu kwa majina yao. Hatukusema mengi kuhusu mkewe. Viatu vyake vilikuwa bado mlangoni, vimepangwa vizuri, na tulivipita kwa uangalifu kana kwamba vimelala.

Jua lilipoanza kulegea nikaaga. Akasema atanisindikiza mpaka langoni. Tulipofika langoni akasema basi mpaka kona. Konani tukawa tunazungumzia mbolea, na mazungumzo yakatufikisha kituoni. Nikawaza jinsi atakavyorudi peke yake kwenye ile nyumba, nikasema, "Daktari, acha mimi nikusindikize kidogo." Tukarudi mpaka langoni kwake. Hapo akasimama, akatazama mlango, akatazama barabara.

"Si adabu mwanamke kurudi kituoni peke yake," akasema. Tukaenda tena.

Msichana wa nyumba ya pili alikuwa anaanua nguo. Alituona tukipita upande mmoja, akatuona tena tukipita upande mwingine, akacheka. "Nyinyi wawili, kwani mmesahau nini?"

"Hatujasahau kitu," Daktari akamjibu.

Kituoni basi lilikuja, likasimama mbele yetu, mlango wazi. Kondakta alinitazama akingoja nipande. Nikampungia mkono aende.

Daktari aliketi kwenye ukingo wa barabara, akasogea kidogo, akanifutia vumbi mahali pa kukaa.